Yasini ya Mtoto Aliyekuwa Shuleni

Hili jambo sijamsimulia mtu nje ya ukoo, na hata humo ukooni wanalijua kwa sababu walilisikia mtaani, si kwa sababu nililisema mimi, maana mtu mzima na akili zako utaanzaje kueleza kwamba ulikaa sebuleni kwako, umejitanda kanga, unaitikia amina watu wakimwombea shifaa ya ugonjwa mtoto ambaye saa hiyo yuko darasani anafanya hesabu za sehemu? Basi ndiyo mimi huyo. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi ili tuendelee.

Ilianza na ratiba. Rukia wangu alikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani, na shule ikaamua watoto wote wa darasa hilo wabaki masomo ya jioni, saa tisa mpaka saa kumi na moja, Jumatatu mpaka Alhamisi. Saa hizo hizo ndizo za chuo. (Nikisema chuo nina maana ya chuo cha Kurani, si hivyo vya kutafutia digrii; kwetu Tanga chuo ni chuo.) Rukia alikuwa amebakiza juzuu tatu ahitimu msahafu na baba yake keshaahidi mbuzi siku hiyo.

Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Grace, mwanamke wa Lushoto asiyependa maneno mengi, akanisimamisha getini. "Mama Rukia, hiki si kipindi cha hiari. Asiyekuja nitamwita mzazi, na akifeli anarudia darasa, usije ukanililia."

"Atakuwepo, mwalimu."

Wiki hiyo hiyo nikakutana na Maalim Shaabani wa chuoni, mzee wa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo inayonitia hofu mimi kuliko kelele. "Mama, mtoto huyu saa hizi ndo za kumkaza. Akikatiza sasa, hata alichokihifadhi kitamponyoka."

"Hakatizi, Maalim."

Kwa hiyo nikawa nimeahidi mtoto mmoja kwa watu wawili saa ile ile, na si kwamba sikujua, nilijua kabisa, ila nilikuwa nimechoka, jamani. Naamka saa kumi alfajiri, nafanya usafi kwenye ofisi moja Raskazone, mume wangu Omari yuko Muheza kwenye machungwa anarudi mara moja kwa wiki, na mimi nikifika nyumbani Nguvumali hata mdomo wa kubishana sina. Nilimwogopa Maalim, kwamba nikimwambia shule kwanza ataona nimeichagua dunia nikaiacha akhera. Nilimwogopa Mwalimu Grace, kwamba nikimtajia chuo atasema ninyi wazazi wa hapa ndiyo zenu. Kumbe nilikuwa nawajibia wote wawili kichwani mwangu, wao wenyewe hawajasema lolote.

Jumatatu nikampigia simu Maalim, nikamwambia Rukia ana homa, leo hatakuja. Homa ya siku moja tu, nikajisemea, kesho nitajua la kufanya. Kwa Rukia mwenyewe nikasema Maalim kakuruhusu upumzike chuo mpaka umalize mtihani. Akanitazama. "Maalim? Kasema yeye?" Nikamwambia kasema yeye, vaa viatu uende. (Wenzake wa chuo karibu wote wanasoma shule nyingine, mtaa wao si wetu, kwa hiyo nikaona njia nyeupe.)

Jumanne homa ikaendelea. Jumatano Maalim akapiga mwenyewe, mimi nimepiga magoti sakafuni na tambara mkononi.

"Homa haijashuka tu?"

"Bado, Maalim."

"Mmempima?"

"Tumempima."

"Wamesema nini?"

Sasa hapo, wenzangu, ningesema malaria, yangeisha. Lakini nikaona nikisema malaria nitaulizwa dozi kaanza lini na anamaliza lini, na mimi nataka simu ikatike nimalize ile korido, nikasema, "Hawaoni kitu, Maalim."

Halafu nikamsikia anavuta pumzi. "Hawaoni kitu," akarudia, polepole. "Haya, mama. Tumwachie Mola."

Mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii anajua kwamba hospitali wasipoona kitu, mgonjwa keshatoka kwa daktari kaingia kwa Maalim. Ni sawasawa na kuomba kisomo, waje watu wamsomee dua. Mimi niliyezaliwa hapa, nikalelewa hapa, nikakata simu nikaendelea kupiga deki.

Alhamisi chuo huwa hakina masomo. Nimerudi kutoka kazini saa kumi, hata sijavua viatu, nasikia "Hodi! Asalamu aleikumu!" Nafungua, namkuta Maalim Shaabani na kanzu yake, mkewe Bi Mwanaidi na akina mama watano, na nyuma yao chuo kizima, watoto kama ishirini, kila mmoja na kitabu chake cha Yasini kifuani.

"Mgonjwa wetu yuko wapi?" akauliza Bi Mwanaidi.

Bado nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Amelala."

"Nimwone uso tu."

"Ndo kwanza kapata usingizi, Bi Mwanaidi, usiku kucha hakufumba jicho. Ngoja nimtazame."

Nikaingia chumbani nikavuta pazia, na hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze mpaka leo, nikachukua mito miwili nikailaza kitandani, nikaifunika kanga vizuri, ili atakayechungulia aone kuna mtu. Hata nikaupapasa ule wa juu, sijui kwa nini. Nikatoka na kidole mdomoni.

Wakatandika mikeka. Maalim akawaambia watoto, "Someni taratibu, msimwamshe mwenzenu," na wale watoto ambao ukipita chuoni kwao unawasikia toka barabara kuu wakasoma Yasini kwa kunong'ona. Kibinti kimoja, Zainabu, anayekaa na Rukia mkeka mmoja, kilikuwa kinasoma huku kinafuta machozi kwa ncha ya hijabu. Kila wakimaliza Maalim anapuliza kwenye bilauri ya maji aliyoiweka mbele yake, kwa ajili ya mgonjwa, na wanaanza tena.

Mimi macho kwenye saa ya ukutani. Shule inatoka saa kumi na moja, na toka shuleni ni dakika kumi. Nikawaza nitoke kwa uani nikamkamate njiani, nikainuka, Bi Mwanaidi akanishika mkono. "Kaa chini, mama. Umechoka wewe."

Nikakaa nikalia. Nililia kweli, maana ilikuwa miezi mtu hajanitazama akaniambia umechoka. Wale akina mama wakadhani namlilia mtoto, wakanikumbatia, wengine wakaanza kulia na wao, na mimi nikazidi.

Maalim akainua mikono kwa dua. Kafumba macho, sauti ile ile ya chini. "Ewe Mola, mja wako Rukia binti Omari, mwondolee maradhi haya waliyoshindwa kuyajua madaktari. Kama uhai una kheri naye, mbakishe kwa wazazi wake. Na kama mauti ndiyo yenye kheri naye, mpe wepesi, na wazazi wake wape subira."

"Amina," wakaitikia watoto, lakini amina ilikatika katikati. Zainabu akapiga kelele.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni, begi mgongoni, viatu mkononi. Aliona rundo la viatu nje akavua vyake akaingia kimyakimya, kama tulivyomfundisha kuingia penye watu wanaoomba. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama Maalim wala wenzake, alinitazama mimi.

"Mama, mimi nakufa?"

"Hufi, mwanangu. Huumwi."

"Mbona hukunambia?"

"Huumwi, Rukia, wallahi huumwi."

"Ndo maana Maalim kanipumzisha chuo," akasema. Nikamshika, akawa anajivuta, anajishika kifua, anatafuta mwenyewe pale anapoumwa.

Ikabidi niseme. Yote, toka getini kwa Mwalimu Grace mpaka korido ya Raskazone, mbele ya watu wazima na watoto wa watu, huku nimemshikilia mwanangu anayenikwepa. Nilipomaliza Bi Mwanaidi akauliza, "Sasa kule kitandani kuna nani?"

"Mito."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Maalim akainuka, akachukua ile bilauri akaniletea. "Maji ya kisomo hayamwagwi," akasema. "Kunywa wewe, Mama Rukia." Nikanywa yote, mbele yao, maji ya kumponya mtoto. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Ungenambia tu. Watoto watatu wa shule ile nyingine wanakuja kwangu baada ya alfajiri, Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ya masomo haya haya. Na mimi nilisoma shule, mama."

Ndiyo wanavaa viatu kuondoka, bodaboda ikasimama nje, akashuka Omari. Maalim alikuwa amempigia simu kabla ya kuja kwetu. Kaacha lori linapakiwa huko Muheza, macho mekundu, mkononi mfuko wa machungwa ya mgonjwa. Akamwona Rukia kasimama na sare ya shule. Akauliza nini kimetokea, na ikawa zamu ya Bi Mwanaidi kusimulia, mimi sauti ilikuwa imeisha.

Mtihani alifaulu. Msahafu alihitimu, kwa hizo hizo Jumamosi na Jumapili, mbuzi akachinjwa, na Mwalimu Grace alikuja akala pilau, akamwambia Maalim angejua mapema angepanga ratiba vingine. Watu mtaani wananitania mpaka kesho, nikikohoa tu utasikia, "Mama Rukia, wameona kitu?" Hayo nimeyazoea. Na nimeapa, mtu akiniomba kitu nisichokiweza namwambia siwezi, nimechoka, anune akitaka.

Lakini baada ya hapo Rukia aliugua kweli. Nikamkimbiza zahanati, vipimo vikaonyesha malaria, akalazwa kitandani na homa yake. Nikainama nikamwambia, "Malaria tu, mwanangu. Utapona."

Akaniangalia. Kisha akageuza kichwa upande wa pili, aliposimama nesi. "Eti nesi," akauliza, "ni kweli?"

Nesi akamwambia ni kweli. Ndipo akafumba macho akalala.