Lizombe Katika Kipindi cha Michezo

Harufu ya plasta iliyoloa jasho hunirudisha mtaani kwetu Msamala, nikiwa darasa la tano. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi nikavunjika mguu wa kulia, na plasta ilipokatwa hospitalini ulitoka mwembamba kama wa kuazima. Daktari alisisitiza niufanyishe kazi. Mimi niliogopa. Kipindi cha michezo nilikaa barazani nikilinda masweta ya wenzangu, huku wao wakigombea mpira wa matambara. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Maduka ya mtaa wa Majengo yalijaa mipira inayong'aa, lakini shule yetu haikuwa na uwezo wa kununua hata mmoja.

Ndipo akaja Mwalimu Zuhura kutoka Tanga. Alituuliza bibi zetu walicheza nini walipokuwa wadogo, nasi tukacheka. Wiki iliyofuata alimleta Bibi Anastazia, mama mzaa baba yangu, mchezaji wa lizombe, ngoma ya vishindo ya kwetu, tangu usichana wake. Niliona haya nikajibanza nyuma ya nguzo. Bibi alivua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kwa kutufundisha kusimama: magoti yalegee, mgongo unyooke, pumzi itoke tumboni. Kisha debe likapigwa na miguu ikafuata. Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akamwamkia Bibi shikamoo, halafu akamgeukia Mwalimu Zuhura.

"Mwalimu, hii ni shule, si kilabu cha pombe."

"Ni somo la viungo, mkuu. Limo kwenye andalio langu. Nipe muhula mmoja. Wasipopata nguvu, nitaacha."

"Muhula mmoja," akasema, akaondoka.

Bibi akaniona. "Na wewe, masweta hayo yanakimbilia wapi?"

"Mguu, Bibi."

"Unauma, au unaogopa?"

Niliyaweka masweta chini.

"Basi njoo ukanyage polepole. Ukiuma kweli niambie, tupumzike."

Mwenda pole hajikwai. Wiki za kwanza nilihesabu vishindo vitatu tu, nikaketi. Kisha kumi. Baridi ya Juni ilipoingia nilikuwa nimesahau kuketi. Siku ya wazazi tulicheza mpaka vumbi likafunika sare zetu, na kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, akina mama walituvika khanga mabegani. Mwalimu mkuu alivutwa uwanjani; baada ya dakika chache alikuwa ameshika magoti, akihema. "Kumbe hii ni kazi!" alisema. Muhula uliofuata lizombe iliingia kwenye ratiba.

Leo mimi ni mwalimu wa michezo mjini humu humu. Mipira ninayo ya kutosha, lakini watoto hushushwa na bodaboda getini na kuhema kwenye ngazi kumi. Majuzi nilimwalika bibi mmoja kutoka Lusewa aje awafundishe lizombe. Mzazi akanipigia simu, akalalamika kwamba hakumleta mwanawe shule aje kucheza ngoma. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia kwamba kipindi ni Alhamisi saa nne, na kitaendelea.