Fatmabai Afungua Dashibodi

Fatmabai wa Engutoto ana miaka sabini na Corolla moja kuukuu, na ole wako useme vibaya kuhusu kimojawapo. Tangu mumewe afariki kwa ajali ya barabarani, gari hilo ndilo linalompeleka popote roho yake inapotaka. Mwanawe, Alnoor, alitaka aache kuendesha. Sababu aliyotoa ilikuwa kwamba dashibodi inagongagonga.

"Gari limechoka, Mama," alisema kwenye simu. "Jumapili nakuja kuchukua funguo."

Fatmabai hakubishana. Aliniita mimi, jirani yake, nikamshikie tochi.

Nilidhani atashika bisibisi aanze kubomoa. Wapi! Kwanza alichomoa waya wa hasi kwenye betri, kisha akaniketisha tunywe chai.

"Tulia, Mama Lesian. Humo ndani kuna mifuko ya hewa ya ajali. Tukiwahi kabla umeme uliobaki haujaisha, itatufumukia usoni."

Birika lilipoisha akaja na mwiko wa ugali aliouvisha kitambaa, akaupenyeza taratibu kwenye ukingo wa plastiki, kwa kuwa bisibisi ingekwaruza. Klipu ziliachia moja moja. Skrubu alizipanga kwenye trei ya mayai. Niliponyoosha kidole kwenye nyaya za njano za ile mifuko, alinichapa mkono. Mwishowe tukakuta bomba la kupitishia hewa ya feni limelegea, linagonga chuma. Alilipangusa vumbi, akalizungushia kipande cha sponji, akarudisha kila kitu, na waya wa betri mwisho. Nilijisikia fundi, na kazi yangu ilikuwa tochi tu.

Jumapili Alnoor alizungusha gari mtaa mzima ametega sikio. Alirudi amenywea.

"Shida si kelele, Mama," alisema. "Simu ikilia tu, naogopa ni habari yako. Kama ilivyokuwa kwa Baba."

Nilikuwa nimejiandaa kumsema, lakini nilimwonea huruma.

Fatmabai alimnyooshea mkono, akapewa funguo. "Panda. Na wewe, Mama Lesian, kaa nyuma. Tunakwenda Kikwe kununua mboga."

Alnoor alifunga mkanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Fatmabai aliendesha kama siku zote, polepole, akipisha kila bodaboda. Tulipokaribia Kikwe nilichungulia mbele. Alnoor alikuwa amelala fofofo.

Mama yake alilipita shamba la mboga bila kusimama, asije akamwamsha.