Nguvu ya Tindikali Iliyopoteza Karatasi

Wakati wa Wajerumani, reli ilipokuwa imeshafika Dodoma, nilifanya kazi kwa Mjerumani mmoja aliyepima maji ya visima. Maji mengi ya Ugogo yana magadi, na magadi huharibu injini za garimoshi. Yeye alidondosha tindikali katika maji mpaka magadi yaishe nguvu, kisha tindikali iliyotumika ikamwambia magadi yalikuwa kiasi gani. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Kusoma na hesabu nilijifunza misheni. Kwake nilikuwa nikiosha vyombo na kuandika tarakimu alizonisomea.

Msimu mmoja wa mvua mchwa waliingia stoo wakala karatasi ya chupa kubwa ya tindikali. Nguvu yake ilikuwa imeandikwa pale tu. Bila kuijua hatukuweza kupima kisima hata kimoja, na chupa nyingine ilikuwa lazima itoke pwani. Bwana mwenyewe alikuwa kitandani, homa imemlaza.

"Unaweza kuitafuta nguvu yake?" aliniuliza.

"Naweza, Bwana."

"Basi usiguse chupa. Niandikie kwanza utakavyofanya."

Nilikaa mezani asubuhi nzima. Tindikali nisiyoijua ilihitaji kupambanishwa na kitu ninachokijua. Nyumbani mke wangu alikuwa na magadi ya kupikia mlenda, lakini magadi ya mbugani yana chumvi na udongo ndani yake, uzito wake haukuaminika. Kabatini mlikuwa na kopo la magadi safi kutoka Ulaya. Hayo nayo huvuta unyevu, kwa hiyo nikaandika: kuyakausha motoni, kuyaacha yapoe yamefunikwa, kupima gramu tano na sehemu tatu za kumi, kuyayeyusha mpaka yatimie lita moja kamili.

Halafu nikaandika mambo ya mapambano yenyewe. Nitachukua mililita ishirini na tano za maji hayo ya magadi, nitie matone mawili ya dawa ya rangi, ambayo kwenye magadi huwa ya manjano na kwenye tindikali huwa nyekundu. Tindikali itakaa katika mrija mrefu wenye mistari na koki chini. Mara ya kwanza nitaimimina haraka, nijue tu rangi hugeuka wapi. Baada ya hapo tone kwa tone, nikome manjano inapoanza kuwa rangi ya chungwa, na nirudie mpaka vipimo vitatu vikubaliane.

Bwana aliisoma karatasi mara mbili.

"Mrija utausuuza kwa kitu gani?"

"Kwa tindikali yenyewe, Bwana. Nikisuuza kwa maji tu, matone yatakayobaki yataipunguza nguvu."

"Na chupa ya chini yake, itakayokaa magadi?"

"Hiyo kwa maji matupu. Magadi nitakayotia nitakuwa nimeshayapima. Maji hayatayaongeza wala kuyapunguza."

Akatoa ufunguo wa kabati chini ya mto akanipa. Ufunguo ule hakuwahi kumpa mtu.

Ile ya haraka ilipokwisha nilianza tone kwa tone, lakini koki niliifungua kupita kiasi, nikapitiliza. Chupa ikawa nyekundu. Nilimwaga nikaanza upya. Vipimo vitatu vilivyofuata vilisimama pamoja kwenye ishirini. Mililita ishirini za tindikali zilikuwa zimemaliza ishirini na tano za magadi, basi nguvu yake ilikuwa mara moja na robo ya nguvu ya maji yangu ya magadi.

Bwana alipopona alirudia kazi yote bila kuniambia neno. Akapata ishirini. Akanisogezea kalamu na karatasi mpya ya chupa. "Andika wewe," alisema.

Jioni nilimweleza mke wangu yote, hata lile kosa la mkono. Alikuwa akipepeta uwele, akaacha ungo magotini.

"Yaani yeye alipima tena aone kama umekosea?"

"Ndiyo."

"Na hukukosea."

"Sikukosea."

Alicheka taratibu, akaendelea kupepeta. Kesho yake nilikwenda kupima kisima cha kwanza peke yangu.