Meno Yangu Baada ya Mazishi

Mume wangu alizikwa Jumapili, mvua ikinyesha, pembeni mwa migomba ya mama yake, upande wa Nyamira. Lori la majani ya chai lilikuwa limeteleza kwenye mteremko likapinduka, naye alikuwa ameketi juu ya magunia. Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na ukuta mmoja wa nyumba yetu ulikuwa bado haujakandikwa.

Sikulia. Wanawake waliokuja kutoka kwetu Ogembo walilia kwa niaba yangu, kisha wakaanza kunitazama. Nilipika, nikachota maji, nikarudi shuleni kufundisha kujumlisha. Chakula nilikila kwa sababu kiliwekwa mbele yangu. Mtu akinisalimu nilimwitikia, na kabla hajafika mbali nilikuwa nimeshasahau ni nani.

Mama mkwe alihamishia kitanda chake kwangu, maana kwetu mjane mpya haachwi alale peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa mjane wa siku nyingi, mwembamba, wa maneno machache. Kwa Kigusii mama huitwa baba, na ndivyo nilivyomwita. Asubuhi moja, tukimenya ndizi, akaniambia kwamba ninasaga meno usingizini. Alisema ni kama mtu anayesaga jiwe tupu, bila punje za wimbi. Nikamjibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Nilijua tu kwamba nikiamka taya zinauma na masikio yanavuma, na hata chinsaga, mboga laini kama ile, ilinichosha kutafuna.

Siku zile kusaga meno kulikuwa na maana moja: minyoo. Nikapewa mbegu za boga zilizotwangwa, halafu vidonge vya dukani. Tumbo likasafika, meno yakaendelea. Wifi yangu alisema marehemu ananiita nami ninakataa, ndiyo maana ninauma meno. Mzee wa kanisa alikuja Sabato moja mchana kutuombea, akasoma mahali ambapo kulia na kusaga meno vimetajwa pamoja. Waliokuwamo waliinamisha macho. Mimi niliwaza tu kwamba katika vile viwili nilikuwa na kimoja.

Jino lilipasuka shuleni wakati wa mapumziko, nikila hindi la kuchoma. Kipande kilikuwa cheupe, hakina tundu wala weusi wowote. Nilikitia mfukoni, kengele ikalia, nikaingia darasani. Kufikia kesho yake jioni shavu lilikuwa limevimba. Mama mkwe aliligusa kwa nyuma ya kidole akasema asubuhi tunakwenda Kisii.

Tulishuka garini Daraja Mbili, sokoni, watu wakiteremsha mikungu ya ndizi, tukapanda kwa miguu hadi mjini. Daktari wa meno alikuwa Mhindi wa makamo, chumba chake kikiwa juu ya duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na changu cha shule, lakini tulielewana. Mama mkwe hakujua Kiswahili, kwa hiyo kila neno ilibidi nimgeuzie kwa Kigusii.

Daktari alinidunga sindano kwenye ufizi, nusu ya uso wangu ikafa ganzi. Aliniuliza kama ninaogopa. Siogopi, nikamwambia. Aling'oa mabaki ya jino, akayaweka kwenye kisahani, kisha akapitisha kioo chake kidogo juu ya meno mengine. Halafu akanipa kioo cha mkononi nijione mwenyewe. Ncha za meno zilikuwa bapa, kama zilizopigwa tupa.

"Meno haya yana umri mkubwa kuliko wewe," alisema. "Unasaga ukilala?"

Nikamweleza habari ya minyoo na mbegu za boga. Hakucheka. Alisema minyoo isingeweza kufanya kazi ile. Akashika taya yake mwenyewe, akauma meno, akaniambia niguse msuli ulivyotuna. Mchana, alisema, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila wakati wa kula, lakini usingizini mtu hajitawali. Wengine husaga maisha yao yote bila madhara. Wengine huanza wakipatwa na jambo. Sababu zote hakuzijua, na hakujifanya kuzijua. Akaniuliza kama kuna jambo limenipata. Nikamwambia mume wangu amekufa. Nililisema kama ninavyowasomea watoto tarehe ubaoni.

"Pole sana, mama," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mama mkwe alitaka kujua yote aliyoyasema. Nilipokwisha kumgeuzia, akauliza kama ugonjwa huu huisha. Daktari alikuwa akimtazama mdomo alipokuwa akisema. Akaomba amwangalie na yeye. Mama mkwe alikataa kwanza, kisha akaketi, ameshika mkoba wake mapajani. Meno yake ya mbele yalikuwa mafupi kuliko yangu, yamelika karibu kufika kwenye ufizi. Daktari akaniambia nimuulize kama naye husaga.

Nikamuuliza. Alifunga mdomo, akakaza kitambaa cha kichwani, akajibu kwa Kigusii, polepole.

"Kabla ya huyu nilizika watoto wengine watatu. Mume wangu alikuwa akilala nyumba ya mke mdogo. Meno yangu hakuna aliyeyasikia."

"Amesema nini?" daktari akauliza.

"Amesema hayamuumi."

Dawa niliyopewa haikuwa ya kumeza. Daktari aliniambia niume kitu laini kama unga uliokandwa, apate alama, na niliporudi baadaye akanipa kibamba cha plastiki ngumu cha kuvaa kwenye meno ya juu nikilala. Akaniagiza niache kutafuna miwa na mifupa. Mchana nikijikuta nimekaza taya, niachanishe meno, midomo ibaki imefungwa. Na jioni nijikande kwa kitambaa cha maji moto.

Kukanda alikuchukua mama mkwe kama kazi yake. Baada ya chakula alichovya kitambaa, akakikamua, akanishikilia mashavuni hadi kipoe. Jioni moja alipomaliza nilikichovya tena nikamwekea yeye. Aliusukuma mkono wangu. Siku iliyofuata hakuusukuma.

Sikupona mara moja. Kibamba kilijaa mikwaruzo, nikatengenezewa kingine. Watu walisema siku moja nitalia, nami niliwaamini, nikangoja. Sikuiona siku hiyo. Nilichoona ni kwamba taya ziliacha kuuma asubuhi, kisha masikio yakaacha kuvuma, na mwanafunzi mmoja aliposoma "punda" akasema "pundamilia" kwa kujiamini kabisa, nilicheka, na darasa zima likainua vichwa kunitazama.

Mama mkwe alirudisha kitanda chake wakati wa kuvuna wimbi. Alisema sasa anachosikia kwangu ni panya tu, na panya hata kwake wapo. Nilimsaidia kukibeba, yeye mbele, mimi nyuma, tukipitia kwenye migomba. Kisha nikarudi nyumbani, nikawasha moto, nikabandika ndizi.