Siku Sita za Kuwa Marehemu

Kwetu Kisarawe jina la aliyekufa haliandikwi hivi hivi, kama mtu aliyetoka kuoga bila taulo. Lazima mbele yake uweke Marehemu. Ndiyo heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

Shangazi yangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa tumbo kesho yake asubuhi. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kwenda: kusikiliza kaswida za babu, yaani baba yake aliyekwishafariki. Babu alirekodiwa na mgeni mmoja mwenye mashine ya maana, sauti safi mpaka unamsikia mzee akimeza mate. Lakini faili zenyewe! Kila moja nzito kama gunia la mihogo, na kiredio cha shangazi cha kuchomeka flashi kilizikataa.

Nikazifungua kwenye kompyuta yangu nyumbani, Pangani ya Kibaha, nikazigeuza ziwe nyepesi, feni ikivuma hadi kuku wa jirani wakakimbilia bandani. Halafu nikaziandikia lebo: jina la kaswida, jina la msomaji. Kitu nilichofaulu kuliko vyote kwenye madarasa ya jioni ya kompyuta ni kuchagua faili zote kwa mpigo mmoja. Basi nikachagua zote, nikaiamuru programu iweke Marehemu mbele ya jina la kila msomaji. Sekunde mbili, kazi imekwisha. Flashi nikampa jirani aliyekuwa anakwenda Kisarawe.

Mchana nikaketi kusikiliza nakala yangu, najipongeza. Kaswida ya tisa hakusoma babu. Alisoma shangazi mwenyewe, maana siku ile mgeni aliturekodi na sisi wa nyumbani. Kwenye skrini pameandikwa: Marehemu Shangazi.

Kiredio chake kina kidirisha kinachopitisha maandishi, na shangazi husoma kila kitu, hata karatasi ya maandazi. Nikapiga simu mara mia tatu. Haipokelewi. Nikakimbilia basi mpaka Kiluvya, nikapanda bodaboda ya njia ya mkato, na njia nzima nikawa naomba dua moja: kiredio kiwe kimeishiwa chaji.

Nilimkuta ameketi mkekani. Kiredio kimefunikwa kanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Unamwamkia nani? Maiti haiitikii."

Nilitaka kucheka. Nikaona hataki hata kunitazama.

"Daktari amekupigia wewe," akasema. "Wamekwambia sitoki kule. Mnanificha."

"Wallahi sijaongea na daktari yeyote! Nimekosea, nilichagua faili zote…"

"Usinifanye mtoto. Kompyuta haiwezi kumzika mtu yenyewe."

Nikaapa, nikaeleza, nikachora hata mkekani kwa kidole. Kila neno lilizidi kunifanya nionekane mwongo. Na mimi nikaanza kuogopa kweli: vipi kama kesho asirudi, na mkono wangu ndio uliotangulia kuandika?

Ndipo nikakumbuka kaswida ya kumi na nne. Nikafunua kanga, nikabonyeza mpaka hapo. Ikatoka sauti yangu, ile inayofukuza ndege mpungani. Kidirishani herufi zikapita: Marehemu, kisha jina langu.

Nilijua litakuwepo, lakini kulisoma kwa macho ni jambo jingine.

Shangazi akanitazama. Akatazama kidirisha. "Kumbe na wewe?"

"Na mimi."

Akacheka mpaka akashika tumbo lake linalouma. "Haya. Futa langu, nikiona."

Nikachomeka flashi kwenye simu kwa kiwaya, nikafuta herufi moja moja, naye akihesabu mpaka nane. Nilipohamia kwenye jina langu akanishika mkono.

"Lako liache. Nikirudi ndiyo ufute."

Nikaliacha. Siku sita nzima nilikuwa marehemu, sikuthubutu hata kuiwasha kompyuta. Ya saba alirudi kutoka hospitali, amekonda, kaegemea bega la mumewe. Hakusubiri hata nimwamkie.

"Lete hiyo simu," akasema. "Tukufufue."