Manju Aliyekabidhiwa Mafowadi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa shimoni ndani ya kizimba cha chuma kilichoning'inia kwenye waya, pamoja na vijana wa Kisukuma ambao hata majina yao sikuwa nimeyashika. Mimi ni mtoto wa mjini Shinyanga. Baba yangu aliuza nguo na chumvi sokoni, na nilikwenda Geita kwa kuwa nilisikia kuna dhahabu. Dhahabu yenyewe sikuiona. Niliona giza, na maji yanayodondokea shingoni, na mawe ya kupakia kwenye toroli baada ya wapiga baruti kumaliza yao. Kabla ya zamu kwisha, dari ikaachia nyuma yetu, tukazibwa humo mpaka walipotuchimbua. Hakufa mtu. Lakini nilipofika juu niliketi vumbini nikajiambia: Ramadhani, huko hurudi tena.

Kusema ni rahisi. Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa, maana dole gumba lilikuwa limeshagusa mkataba. Ninyi vijana wa leo mkichukia kazi mnaiacha mnakwenda kulala. Sisi kutoroka kabla ya mkataba kwisha ilikuwa kesi, na mtu alifungwa.

Kilichonitoa shimoni ni mpira. Msimamizi wa kambi, Mzungu tuliyemwita Bwana Kambi, aliipenda timu ya mgodi kuliko alivyompenda mkewe, na huo si umbea, mkewe mwenyewe alikuwa akilalamika hadharani. Jumapili moja aliniona nikicheza na wenzangu nyuma ya mabweni, akamuuliza Karani Mkuu mimi ni nani. Wiki ileile nikahamishiwa chumba cha taa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mchezaji wa timu hupewa kazi ya juu, isiyomchosha miguu.

Chumba cha taa ni pale mchimbaji anapopokea taa akishuka na kuirudisha akipanda. Zilikuwa taa za kabaidi. Chini unatia vipande vya kabaidi, juu unatia maji, na tone likiangukia kabaidi hutoka hewa yenye harufu ya kitunguu kilichooza, hiyo ndiyo inayowaka. Koki ikiwa mbovu, mwenye taa atabaki gizani katikati ya njia. Nilizisugua taa zile kwa moyo wote, kwani giza la shimoni nilikuwa ninalijua. Na kila zamu ikishuka nilimshukuru Mungu kuwa mimi ni yule anayebaki dirishani.

Sasa nieleze mpira wa wakati ule. Mbele tulikuwa watano: mawinga wawili pembeni, mainsaidi wawili karibu yao, na senta fowadi katikati, ndiye mimi, tena nahodha. Winga wa kushoto alikuwa Masanja, mtu wa upande wa Kagongwa, mwenye mbio. Winga wa kulia alikuwa Luhende wa Mhunze, mwenye shuti la kuogopwa. Kwa wachezaji hao timu ingepaswa kufunga kila ikitaka. Msimu ule hatukufunga hata kwa bahati.

Sababu kila mtu kambini aliijua, ila Bwana Kambi. Masanja alikuwa Mgika na Luhende alikuwa Mgalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na baada ya mavuno hushindana uwanja mmoja, kila chama kikicheza upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wanarogana, wanaimbana nyimbo za kejeli, na mtu huzaliwa humo kama anavyozaliwa katika ukoo. Masanja akiwa na mpira hakumpa Luhende hata Luhende awe peke yake mbele ya goli. Luhende naye hivyohivyo. Insaidi wa kila upande alimfuata winga wake. Mimi, Mwislamu wa mjini nisiye na ngoma, nilisimama katikati nikingoja mpira kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Tulipofungwa mara nyingine tena, Bwana Kambi alituita mafowadi watano mbele ya ofisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kutukana na kulipa mshahara.

"Mimi napa nyinyi kazi ya juu sababu ya goli," alisema. "Goli hapana. Jumapili timu ya mgodi ya jirani nakuja. Nyinyi nashindwa, Jumatatu yote tano nashuka shimo. Na mimi nimepata mwalimu mpya ya watu ya mbele."

Akamwonyesha mwalimu huyo kwa kidole. Tulidhani anatania. Alikuwa Ngasa, mpishi wa kambi, mtu mzima mwenye kitambi, ambaye kazi yake ilikuwa kusonga ugali kwenye mapipa. Katika maisha yake hakuwahi kugusa mpira ila siku moja ulipomwangukia ndani ya maharage. Lakini huyo Ngasa alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbishaji. Bwana Kambi alikuwa amemwona akiongoza umati wa wanaume kwa usinga mmoja, wote wakigeuka kwa pamoja, akaamua kuwa awezaye hao hashindwi na watano.

Hilo tu lingetosha kuwa kichekesho. Balaa ni kwamba Ngasa alikuwa manju wa Wagalu. Tena ndiye aliyetunga wimbo juu ya mjomba wa Masanja, manju wa Wagika, kwamba alicheza mpaka nguo ikamdondoka na mbuzi akaila. Wimbo ule ulikuwa bado unaimbwa vijijini. Masanja alitema mate chini, akaondoka.

Nilimkimbilia Karani Mkuu, mzee wa Tabora, mtu wa suruali nyeupe na maneno machache.

"Shikamoo, mzee. Mwambie Bwana amekosea. Huyu atatuua."

"Marahaba. Nikimwambia amekosea atamwondoa?"

"Hapana."

"Basi nenda mazoezini."

Nikaondoka. Usiku ule sikupata usingizi, kila nikifumba macho nilisikia dari inaachia. Watu hucheka ninapowaambia hayo, lakini hawakuwahi kuzibwa.

Kesho yake mazoezini Ngasa alikuja na usinga wake na kigoda. Nilimuuliza kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu, atatufundisha nini.

"Mimi boli silijui," alisema. "Mnalijua ninyi. Mbona hamfungi?"

Nikamwambia ukweli wote, wa Wagika na Wagalu, nikijua wengine wananisikia. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, chezeni nione." Akaketi. Tukacheza ovyo kama kawaida. Luhende akapata mpira, Masanja akiwa peke yake kushoto, na Luhende akapiga mwenyewe, mpira ukaenda porini. Hapo Ngasa akasimama akaanza kuimba. Aliimba Kisukuma, mimi nawapa kwa Kiswahili:

"Luhende kaoa boli, kalifungia ndani,
ndugu zake wako mlangoni, wanapiga hodi,
anajibu: ngojeni, bado nambembeleza."

Kumbukeni, Luhende alikuwa Mgalu, mtu wake mwenyewe. Manju kumwimba mtu wa chama chake ni jambo ambalo halijasikika. Ni kama mtu kumtukana mama yake sokoni. Wagalu waliokuwa wakitazama walianza kunung'unika. Masanja alicheka mpaka akakaa kwenye majani akishika mbavu.

Ngasa akamsubiri amalize. "Wewe cheka tu, ng'wanawane," akamwambia, yaani mwanangu. "Nimeanza na wangu. Wako nimeshautunga, bado jina sijalitia. Na baada ya mavuno nina ngoma Kagongwa, kwenu."

Masanja aliacha kucheka. Wimbo wa manju hauna mlango wa kuuzuia. Ukishatoka, watoto wanaukamata, wanawake wanautwangia mtama, na mkweo anausikia. Siku ile Luhende alimpa Masanja mpira kwa hasira, kama anayetupa kaa la moto, na Masanja akaurudisha vivyo hivyo. Haukuwa upendo. Lakini mpira ulianza kuvuka katikati, na nilipouona ukipita mbele yangu nilitaka kulia.

Wagalu walimlipa Ngasa kwa kumsusia. Siku zile alikula peke yake, jikoni kwake. Nilimpelekea tumbaku kumfariji.

"Wabeja," alisema, maana yake ahsante. "Watarudi. Watakwenda wapi, nani mwingine anajua kuwaimbia?" Lakini sauti yake haikuwa na uhakika huo.

Jumapili ikafika. Mgodi wa jirani walikuja na lori na mafulubeki wawili wakubwa kama milango ya ghala. Walitufunga mapema. Baada ya hapo tulishambulia sisi, tukakosa, tukakosa tena. Masanja alianza kusahau, akapiga mwenyewe mara mbili. Jua lilikuwa limeinama na refa alishaangalia saa yake. Mimi nilikuwa ninaiona Jumatatu, kizimba, waya.

Masanja akapata mpira tena kushoto, akawakimbia wawili. Pembeni mwa uwanja Ngasa akaanza kuvumisha ule wimbo wa Luhende, bila maneno, sauti tu. Nilimwona Masanja akiusikia. Mguu alishauinua kupiga. Akaushusha, akainua kichwa, akapiga krosi. Mafulubeki wote wawili wakanijia mimi. Sikuugusa, niliruka nikaupisha uende kulia, na kulia alikuwako Luhende peke yake. Alipiga hata wavu ukang'oka kwenye mti.

Ikawa bao moja kwa moja. Kipenga kikalia, na ndipo tukakumbuka kuwa sare hatukuizungumzia. Bwana Kambi alisema tukishindwa tunashuka, hakusema tusiposhinda. Tulisimama mbele yake watano, jasho linatutoka, naye anajaza kiko chake taratibu. Sijawahi kuona mtu anajaza kiko taratibu vile.

Karani Mkuu ndiye aliyefungua kinywa. "Bwana, hawa wameshindwa au hawakushindwa?"

Bwana Kambi aliwasha kiberiti, akavuta, akatutazama mmoja mmoja.

"Hapana shindwa," alisema. "Jumatatu, taa."

Masanja alinishika mkono nisianguke, na upande wa pili alinishika Luhende.

Wagalu walimrudia Ngasa kabla ya mavuno, kwa masharti ya mbuzi na pombe. Ukocha aliuacha mwenyewe. Alisema mafowadi wana kelele kuliko wacheza ngoma. Mimi nilikaa chumba cha taa mpaka taa za betri zilipoingia, kisha nikawa karani wa stoo, kisha mnyapara wa uwanja wa juu, na huko ndiko nilikostaafia.

Wajukuu wananiuliza kama Bwana Kambi alichagua vizuri. Nasema hapana, alichagua vibaya kabisa. Ngasa mpaka mwisho hakuelewa ofusaidi ni nini, na Mzungu yule hakuwahi kujua kwa nini mafowadi wake walikuwa hawapeani mpira. Makosa yake yalituangukia vizuri, basi. Si kila mtu yalimwangukia hivyo. Wengi niliowakabidhi taa dirishani hawakuzirudisha, na ninawaombea kwa majina yao kila Ijumaa.

Asubuhi sasa nakaa nje kwangu Ibadakuli, jua linanichoma mgongo, mke wangu ananifokea nihamie kivulini. Simsikii. Nimezeekea juu ya ardhi, alhamdulillahi. Chini nitashuka mara moja tu iliyobaki, na siku hiyo watanibeba.