Tepu Nyeusi

Fundi ambaye karakana yake imepakana na duka langu ana swali moja tu kwa mwenye gari, na huliuliza akiwa ameshakasirika: "Taa ya mafuta ya injini iliwaka, ukaendelea kuendesha?" Wote hujibu haikuwaka, tena bila haya. Huyu wa gari jekundu la spoti, kuukuu, alilorithi kwa baba yake mkubwa, naye alijibu hivyo hivyo. Injini ikinguruma, fundi aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho kusikiliza krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inavyogonga. Alichuja mafuta kwa kitambaa cheupe, yakaacha chengachenga za beringi. Alipoitoa krenki yenyewe, aliipitishia ukucha wa kidole gumba polepole, na ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo. Ndipo akaingia ndani ya gari, akakuta taa ya mafuta imezibwa kwa tepu nyeusi.

"Ilikuwa inaniumiza macho," akasema mwenye gari.

Nikangoja matusi. Hayakuja. Fundi aliibandua tu ile tepu, akaibandika kwenye shati la yule bwana, kifuani. Krenki ikachongwa, beringi mpya zikafungwa. Siku ya kuchukua gari, bwana alizungusha ufunguo, honi ikapiga ukelele hadi mtaa mzima ukageuka, kisha injini ikawaka, presha ya mafuta ikapanda, honi ikanyamaza. Fundi alikuwa ameung'oa waya wa ile taa ya mafuta, akaupeleka kwenye honi.

"Haya," akasema, akifuta mikono. "Na hiyo nayo ibandike tepu."